Swali Ambalo Adolphine Aliuliza Kule Lubondja

Kwenye kituo cha afya cha Lweba, kando ya ziwa, kulikuwa na muuguzi ambaye watu walimcheka kwa sababu ya mlango wake. Aliitwa Adolphine. Ukimpelekea mtoto mgonjwa, kabla hajamgusa mtoto paji la uso, aliinuka akawatoa nje shangazi, bibi, baba na jirani aliyekuja kusindikiza, akafunga mlango, akabaki na mama peke yake. Hata siku za jua kali, chumba kikiwa kama tanuri chini ya mabati, mlango ulifungwa. Wanaume kwenye benchi la nje walitaniana: humo ndani leo ni nani anayesemwa, mimi au wewe?

Shuleni hawakumfundisha kufunga mlango. Alijifunza kijijini Lubondja, miaka ile vita iliporudi mara ya pili, na gharama ya somo lile ililipwa na mama mwingine.

Wakati ule Adolphine alikuwa mwanafunzi wa uuguzi, binti wa seremala wa Baraka, mwembamba, mwenye haraka ya kujua mambo. Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi alitakiwa achague mgonjwa mmoja, amfuate tangu siku ya kuingia hadi mwisho wake, aandike alichokiona, kisha aje kukitetea mbele ya walimu. Bila kazi ile hakuna diploma. Yeye alitumwa kwenye kituo cha Lubondja, juu kwenye mashamba, chini ya Papa Anatole, muuguzi mkuu, mzee mpole aliyekuwa akisafisha miwani yake kwa pindo la koti kila alipokuwa hana jibu. Watu wa pale walimpenda msichana haraka, wakamwita Muganga Mudogo.

Mgonjwa wake alikuwa Samira, mtoto wa miaka saba hivi. Mama yake, Siti, alikuwa mtu wa Swima, mke wa mvuvi aitwaye Ayubu. Risasi zilipoanza kulia ufukweni, Ayubu alivuka ziwa kwenda Tanzania kutafuta pa kuweka familia. Siti alipanda milimani na mtoto mgongoni, pamoja na mama mkwe wake, wakapewa chumba na shamba dogo la muhogo mchungu. Samaki wakawa hadithi. Njia ya kushuka ziwani ilikuwa na watu wenye bunduki, hivyo hakuna ndagala, wale dagaa wa ziwani, zilizopanda wala chumvi. Asubuhi bugali wa muhogo, jioni bugali, na sombe ya majani ya muhogo pale ilipopatikana.

Asubuhi moja Samira alijaribu kusimama, miguu ikakataa. Haikulegea, ilikazana kama miti. Magoti yalibanana, visigino havikugusa chini, na mtoto alipoinuliwa alitembea kwa ncha za vidole huku mguu mmoja ukikata njia ya mwingine. Hakuwa na homa wala maumivu. Alicheka, akidhani miguu inamfanyia mchezo. Mama mkwe akasema wazi kwamba mtoto amerogwa, na kwamba aliyeleta bahati mbaya nyumbani anajulikana.

Papa Anatole alifikiri kwanza ni polio, maana watu wa chanjo walikuwa hawajapanda huko tangu vita ianze. Lakini Adolphine alipogonga chini ya goti, mguu uliruka kwa nguvu, na mguu wa polio haufanyi hivyo. Mzee akasafisha miwani. Akasema amewahi kusikia juu ya muhogo mchungu usioiva majini. Sumu yake hukaza miguu ya watoto na ya akina mama, hasa pale ambapo hakuna samaki wala maharagwe. Ila hawezi kusema ndiyo wala hapana mpaka ajue muhogo wa nyumba hizi unakaa majini muda gani. Na jambo halikuwa la Samira peke yake. Chini ya kilima mtoto mwingine alikuwa ameanza kujikwaa, na wa pili akafuata. Ikiwa ni muhogo, walioendelea kuula walikuwa wanaingia njia ile ile kila jioni.

Basi Adolphine akafanya alivyofundishwa. Aliwakusanya akina mama uani mwa kituo, akawauliza mmoja mmoja, wote wakisikia: mama, muhogo wako unaulaza majini siku ngapi?

Siku tatu, akasema wa kwanza. Siku tatu, akasema wa pili. Wa tatu akaongeza kwamba mama yake alimlea vizuri. Uani pote siku tatu, mpaka kwa Siti, naye akasema siku tatu akiwa ameangalia chini, mama mkwe wake ameketi nyuma yake.

Nani angesema vingine? Kule, mwanamke anayetoa muhogo majini kabla haujalainika ni mvivu, hana adabu ya jiko, na mume ana haki ya kumrudisha kwao. Bibi mmoja aliuliza kwa sauti kama Muganga Mudogo kwao Baraka wanakula mawe, ndiyo maana hajui siku za muhogo. Wote wakacheka, na Adolphine akacheka nao.

Papa Anatole aliposikia majibu alitikisa kichwa. Kama ni siku tatu, basi si muhogo, na tutafute kwingine. Wiki ile mtoto wa tatu alianguka njiani.

Hapo Adolphine akaanza kuwafuata akina mama kwenda kijitoni, si kuuliza, kusaidia kubeba tu. Akaona mashimo ya kulowekea kando ya maji, mengi yakiwa matupu. Akaona pia nyayo za buti kwenye tope. Wenye bunduki walikuwa wakishuka kuchukua muhogo uliolowa, kwa sababu umekwisha kuchimbwa na kumenywa na uko karibu kuwa chakula. Mama anayeuacha siku tatu hukuta shimo tupu. Alielewa yote pale pale. Lakini kuelewa kwake hakukutosha. Bila mama mmoja kusema, wengine wangeendelea na siku tatu zao, na jioni wangeendelea kusonga bugali.

Akarudi uani, akawakusanya tena. Hilo ndilo kosa alilolibeba maisha yake yote. Angeweza kumfuata Siti peke yake jikoni. Ila alikuwa kijana, alikuwa na haraka, na watoto walikuwa wanaanguka. Alieleza juu ya sumu, juu ya miguu, juu ya mashimo matupu. Akasema yeye hamtafuti mwenye kosa. Akina mama walikunja vitenge vyao. Samira alikuwa katikati yao chini, akisota kufuata kuku.

Siti akasimama.

"Mi nilitoshaka muhogo mu mayi nyuma ya usiku moja," alisema. "Mara mingi. Nilikausha ku moto, nikatwanga, nikamupa mutoto. Ile siku tatu ni ya mudomo tu. Siye bote tunafanya vile."

Kisha mmoja akainamisha kichwa, na mwingine, na yule bibi wa mawe akaanza kulia polepole. Papa Anatole alivua miwani na hakuisafisha.

Kijiji kilibadilika toka siku ile, lazima niseme hivyo. Akina mama walihamisha muhogo kutoka kijitoni wakauloweka ndani ya nyumba, katika sufuria na bidoni, yale madumu ya mafuta, zilizokatwa, chini ya vitanda. Nyumba zilinuka vibaya mno, wanaume wakalala nje wakinung'unika, na siku tatu zikawa za kweli. Watoto wapya hawakuanguka tena.

Lakini mama mkwe alikuwa amesikia alichotaka kusikia. Hakusema uchawi tena. Alisema mwanamke huyu amemvunja mjukuu wangu kwa mikono yake, na amekiri mbele ya watu. Ayubu alipotuma habari kwamba kuna mtumbwi utakaovuka kutoka Swima, bibi alimbeba Samira mgongoni akashuka naye. Kwa Siti alisema neno moja tu: "We bakia na muhogo yako."

Adolphine alijaribu kumzuia njiani. Akaeleza vita, akaeleza wenye bunduki, akaeleza kwamba nyumba zote zilifanya vile. Bibi alimjibu kwa upole, na upole ule ulimchoma kuliko matusi: mwanangu, si wewe uliyeuliza?

Baraka, mbele ya walimu, kazi yake ilisifiwa. Mwalimu mmoja aliuliza mwisho wa mgonjwa, kwa kuwa ukurasa wa mwisho ulikuwa na maneno ya kawaida ya kazi ile: mgonjwa hajulikani alipo. Adolphine akasema maneno hayo si ya kweli, ila hajui namna nyingine ya kuyaandika. Mtoto anajulikana alipo, yuko ng'ambo. Asiyejulikana namna ya kumsaidia ni mama. Mwalimu akasema hilo haliingii katika utafiti. Wakampa diploma.

Miaka ikapita, bunduki zikapungua, na mitumbwi na meli zikaanza kuwarudisha watu kutoka Tanzania. Adolphine alikuwa tayari Lweba na mlango wake. Siku moja, alipofungua kumtoa mgonjwa, alimwona Siti kwenye benchi, ameketi kati ya wale wanaume wa utani. Alikuwa amekonda, kitenge kimefungwa vizuri. Alikuwa anapita kwenda Baraka, kama alivyofanya kila aliposikia meli imeingia. Ayubu alikuwa ameoa mke mwingine kule, hilo alilisikia. Juu ya Samira hakuna aliyemletea neno.

Adolphine alimshika mkono, akamwingiza, akafunga mlango.

Walikaa. Siti aliuliza habari za Papa Anatole, akaambiwa amekufa, akasema pole. Kisha akauliza lililomleta.

"Muganga, sasa iko mukubwa. Atakuwa anatembea muzuri?"

Adolphine alijua jibu tangu Lubondja. Miguu ile haizidi kuharibika, lakini hairudi. Angeweza kusema Mungu anajua, na hakuna ambaye angemlaumu. Ila mama huyu ndiye aliyesimama uani.

"Hapana, Mama Samira," alisema. "Itabakia vile vile. Vidole chini, magoti pamoja. Itakuwa vile mpaka uzee."

Siti alipapasa pindo la kitenge.

"Basi nitamujua," akasema. "Sura inabadilika. Batoto banatoka ku meli mingi, banafanana. Mi naangaliaka miguu tu."

Nje mmoja wa wanaume alikuwa ameanza kutania kwamba leo mlango umekaa sana. Ndani, wanawake wawili waliendelea kukaa, na Adolphine hakuinuka kufungua.