Komisioneri na Mapazia ya Mama

Mwaka ule tulikuwa bado tunapanga mtaa wa Nyamirambo, chumba na sebule, na nusu ya sebule ilikuwa cherehani ya baba. Mama alitaka tuhamie nyumba yetu wenyewe kabla hajajifungua. Baba peke yake asingeweza kutafuta nyumba. Ana aibu kama mimi. Akitajiwa bei anasema asante. Tena ukinunua kichwa kichwa, kesho anatokea shemeji wa muuzaji, anasema kiwanja ni cha urithi. Ndiyo maana tulimchukua komisioneri, dalali anayejua nyumba ipi ina karatasi na ipi ina ugomvi.

Alikuwa mtu wa kucheka. Kiswahili chake L zote zilikuwa R.

"Mzee, ni mahari pazuri sana!"

"Mahari?" baba akamjibu. "Kwani naoa?"

Nyumba yenyewe ilikuwa upande wa Rebero, tupu, madirisha makubwa. Njiani mama alinifundisha: usitabasamu, usisifu kitu, ukiona ukuta tafuta ufa. Tukaingia kama watu waliokuja matanga. Mama akasema jiko lina giza. Baba akagunaguna.

Walipokwenda nyuma kuangalia choo, komisioneri alibaki na mimi barazani.

"Mama mdogo," akanitania, "mbona hausemi? Nyumba umeichukia?"

Hakuna mtu mzima aliyekuwa ameniuliza naonaje. Nikamwambia yote. Kwamba naipenda, na mama anaipenda kuliko mimi. Kwamba Jumapili alipita hapa kimya kimya, akapima madirisha kwa nje na futi ya baba, na mapazia yameshashonwa, yako chini ya kitanda.

"Usiwe na shaka," akasema. "Hayo ni yetu sisi wawiri."

Siku ya kupatana, mwenye nyumba hakushusha bei hata kidogo. Baba akasimama kama anayeondoka. Hata hilo mama alikuwa amemfundisha. Mwenye nyumba akacheka.

"Kaa, bwana. Mtu ameshashona mapazia, anakwenda wapi?"

Mama akageuka. "Nani amesema habari za mapazia?"

Komisioneri hakuona haya. "Si huyu mama mdogo? Mtoto hasemi uongo!" Akanipigapiga begani, kama ananisifu.

Bei ile baba hakuiweza, na nyumba tukaikosa. Mama hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alitembea mbele yetu mpaka nyumbani.

Nilidhani yule mtu hatakanyaga tena kwetu. Baada ya wiki mbili akapiga hodi, kuna nyumba nyingine, Kicukiro. Baba akamkaribisha. Mama akamtilia chai, sukari nyingi. Nikamfuata baba uani.

"Baba, huyu huyu tena?"

"Mwanangu, anakula huku na huku, tunajua. Lakini sisi tutajuaje nyumba ya nani ina kesi? Akisema hii ina kesi, ina kesi."

Nikaenda kuvaa viatu. Nilikuwa nafunga kamba mama akanikuta.

"Wewe baki," alisema, bila hasira. "Angalia nyumba."

Nikabaki mlangoni na kiatu kimoja. Wakateremka watatu, komisioneri katikati, anaeleza kwa mikono, na mama ameinamisha kichwa asikose neno.