Kishikio cha Loise

Maundu alikuwa amekereza vyuma mjini Voi kwa miaka ishirini na sita, na katika karakana yake, kando ya barabara ya Taveta, hakuna aliyewahi kumwambia amekosea. Loise Wakesho ndiye wa kwanza. Alikuwa fundi mwenzake kwa miaka mitatu, mama wa watoto wawili, mtu wa maneno machache.

Mwezi wa tano pampu ya maji ya Miasenyi ilirudishwa ikiwa imekufa. Wiki mbili tu zilikuwa zimepita tangu waitengenezee bushi mpya, zile pete za shaba ambazo shafti huzunguka ndani yake. Mulinge, mwenyekiti wa kamati ya maji, aliziweka mezani. Matundu yalikuwa makubwa kuliko kipimo, shafti ikacheza hadi ikapinda, na sasa watu wa Miasenyi walikuwa wakingoja maji ya lori. Akauliza ni kazi ya nani.

"Hizo alimalizia Loise," Maundu akasema. "Mkono wake bado mzito."

Loise alikuwa amesimama palepale. Bila kupandisha sauti, alisema mashine ya kukerezea ndiyo imekaa vibaya: kichwa cha nyuma, kile kinachoshika rima, yaani chuma chenye makali cha kusafishia tundu, hakitazamani tena na kile cha mbele, kwa hiyo rima inaingia kwa upande na kulila tundu badala ya kulisafisha. Tena alikuwa amechora, kwenye daftari la karakana, kishikio ambacho kingeiacha rima ichezecheze kidogo na kulifuata tundu lenyewe. Maundu akamwambia, mbele ya wateja, kwamba hapo si shule ya kuchora. Loise akavua ovaroli, akaikunja, akaondoka. Baada ya wiki moja alihamia kwa dada yake Bomeni, kule Taveta.

Maundu akakereza bushi nyingine kwa mkono wake mwenyewe. Zikatoka kubwa. Akanunua rima mpya, bushi bado zikatoka kubwa. Asubuhi ya tatu alijifungia ndani ya karakana, akaweka geji kwenye mashine, akapima alichokuwa amekataa kupima. Sindano ilihama. Hapo akakumbuka wiki ya Pasaka, Loise akiwa likizo, alivyoivuta mashine peke yake ili kuisogeza, kwa mnyororo alioufunga kwenye hicho kichwa cha nyuma, na chuma kilivyolia. Akaketi juu ya ndoo. Uso ulimchoma ingawa hakuna aliyekuwa akimtazama.

Kukirudisha sawa kichwa hicho kulishindikana, kilikuwa kimechoka. Basi akafungua daftari. Mchoro wa Loise ulikuwa na vipimo vyote, hata ukubwa wa pini. Kwa siku mbili alitengeneza: mwili wa chuma wenye tundu pana, ndani yake kipande cha kushika rima kilichoegemea gololi ya beringi kuukuu, na pini ya kukizuia kisizunguke. Nafasi ya kucheza haikuzidi unene wa karatasi. Alipoiingiza rima, ikajitafutia katikati ya tundu na kuteremka laini. Shafti ikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba.

Pampu ikafanya kazi. Jumapili, kanisani Miasenyi, Mulinge akamsimamisha, akaeleza jinsi fundi huyu alivyobuni kifaa chake mwenyewe baada ya mfanyakazi kumharibia kazi. Watu wakapiga makofi. Maundu alikuwa na nafasi ya kusema. Akasema asanteni, akaketi. Mkewe Pauline, aliyejua yote, walipofika nyumbani alimwandalia chakula akaenda kukaa nje.

Ilimchukua wiki mbili kujikaza kwenda Bomeni. Alimkuta Loise akichomelea geti, akamweleza yote: mnyororo, daftari, makofi. Akamwomba msamaha, akamwomba arudi. Loise akaweka chini miwani yake.

"Watu wa Miasenyi umewaambia?"

"Bado."

"Basi, fundi, umeanza na mimi kwa sababu mimi niko peke yangu."

Maundu akaaga.

Kesho yake alienda Miasenyi wakati foleni ya maji ilikuwa ndefu, akamwomba Mulinge amruhusu kusema. Sauti ilimtoka ndogo, ikabidi arudie. Alisema mashine aliiharibu mwenyewe, kishikio ni mchoro wa Loise Wakesho, na makofi ya kanisani aliyapokea akijua si yake. Hakuna aliyemzomea. Mama mmoja aliuliza huyo Loise anapatikana wapi siku hizi, Maundu akamwelekeza. Kisha watu wakageukia mitungi yao, naye akabaki pale hajui aweke wapi mikono.

Loise hakurudi. Mwezi wa tisa pampu ya pili ya Miasenyi iliharibika, na Maundu aliiona ikipita mbele ya karakana juu ya pikapu, ikielekea Taveta. Mulinge, akiwa kando ya dereva, alimpungia mkono kwa adabu. Maundu akampungia pia. Halafu akaingia ndani, akasimama mbele ya mashine kwa muda mrefu bila kuiwasha.