Siku Pete ya Rupia Ilipotupwa Dirishani

Wanaoanza kazi ya kutengeneza mapambo kwa mkono huogopa moto. Mimi huwaambia waogope ukingo. Moto ukikosea, utaona papo hapo. Ukingo huficha ubaya wake mpaka siku mvaaji atakapofua kitenge, pete ivute uzi, naye arudi kwako na kitenge chenyewe mkononi.

Ukingo ndio uliokuwa kazi yangu Ushirombo, miaka ya sabini. Mume wangu alikuwa sonara kutoka Tabora. Yeye aliyeyusha, akagonga, akaunga. Mimi nilipiga tupa. Kile chuma chenye meno madogo madogo hakitaki nguvu. Unakisukuma mbele, kinakula. Ukikirudisha unakiinua, kwa sababu meno yake yanatazama upande mmoja tu. Anayekikokota kurudi nyuma ni kama mtu anayechana nywele kwa mgongo wa kitana. Kwenye pete, mkono hausimami mahali pamoja; unaviringika pamoja na ukingo, usije ukaacha kona. Na ukikosea usivunjike moyo. Ukingo ni mvumilivu kuliko watu, utakungoja.

Kipimo chetu kilikuwa pamba, ambayo kule haikosekani. Unachukua nyuzi chache, unazipitisha ukingoni. Zikinasa, bado. Zikiteleza, mpe mwenyewe.

Ijumaa moja asubuhi akaingia mama wa Kisukuma, mtu mzima, aliyemlea binti wa kaka yake tangu mama wa binti alipofariki. Kesho yake binti huyo alikuwa anafunga ndoa kanisani, pale misheni. Pete ilitakiwa itoke kwenye rupia ya fedha ya enzi za Mjerumani, ambayo marehemu alimwachia mwanawe. Hapakuwa na rupia nyingine, wala hapakuwa na Ijumaa nyingine.

"Mwangaluka," alitusalimu kwa Kisukuma, akaketi karibu na dirisha kabla hajakaribishwa. "Nitangoja hapahapa."

"Shangazi, itachukua muda," nikamwambia. "Nenda sokoni, urudi mchana."

"Ng'wanone, mwanangu, sonara ni fisi mchunga mbuzi. Hata akiwa mwema, mbuzi hupungua."

Mume wangu alikuwa akipuliza moto kwa mrija. Akacheka mpaka moto ukazimika. "Mama, usihofu, hata unga wa fedha utaondoka nao."

"Najua," akasema, akatoa kikopo kitupu cha mafuta ya kujipaka na kukiweka miguuni pangu.

Sasa, karakana yetu ilikuwa na desturi yake. Mtu mwenye mikono miwili kazini hasemi maneno mengi. Hutaja jina la kifaa, na aliye karibu humpa. Shangazi aliishika desturi ile upesi kuliko nilivyoishika mimi nilipoolewa. Mume wangu akisema "koleo", koleo limefika. Akisema "nyundo", nyundo ipo. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekwisha kumkemea mwenye karakana: "Wewe baba, mkeo akisema mkasi, leta mkasi. Unafikiri nini?"

Pete ikaviringishwa, ikaungwa, ikaja kwangu. Nikaanza na tupa nene, nikapitisha pamba. Ikanasa.

"Haifai," nikasema, kama tulivyozoea kusema.

"Haifai?" Shangazi akaichukua, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha.

Tupa nyembamba ya kumalizia ilikuwa palepale dirishani, kando ya kiwiko chake. Mimi nilikuwa nimeinama nikikaza kibanio cha mti. Nikanyoosha mkono nyuma bila kuinua macho.

"Tupa."

"Tupa?" akauliza polepole.

Nikadhani anataka kujua kama nimesema hiyo nyembamba. "Ndiyo, Shangazi, tupa. Upesi, arusi ni kesho."

Kwao panga hunolewa kwenye jiwe, si kwa tupa. Neno lile alilijua kwa maana moja tu. Nikamsikia akishusha pumzi. "Basi marehemu amekataa," akasema, akaitupa pete nje kwa mkono uliofukuza ndege mashambani tangu utotoni.

Nilipogeuka, kiganja changu kilikuwa kitupu na chake pia.

"Shangazi, pete iko wapi?"

"Umesema haifai. Umesema tupa. Nimeuliza, ukasema upesi."

Mume wangu akaiokota ile tupa dirishani, akaionyesha juu. "Mama, tupa ni hii."

Shangazi akaipokea, akapapasa meno yake. "Na kitu cha kutunzwa hivyo mkakiita tupa," akasema, "nyie watu wa Tabora mna laana." Kisha akakaa chini. "Nitamwambia nini mwana wa kaka yangu?"

Nyuma ya dirisha letu jirani alikuwa ametandika mikeka, anachambua pamba kabla ya kuipeleka kwenye chama cha ushirika: safi huku, fifi, ile yenye madoa, kule. Tukamkimbilia.

"Mama, umeona pete ikipita?" nikamwuliza.

"Nimeona kitu kikipita. Nikadhani mmegombana." Akatazama marundo yake mawili. "Sasa imeangukia safi au fifi?"

"Ni fedha," Shangazi akajibu kwa heshima zake zote. "Itakuwa kwenye safi."

Mume wangu akataka kuvuruga rundo kwa mikono miwili. Nikamzuia. Ukingo ule niliujua, nilikuwa nimetoka kuulaumu. "Usivuruge. Inyanyue pamba juu juu, fungu kwa fungu. Bado inanasa."

Rundo la safi halikutoa kitu. Shangazi akawa ameziba uso kwa khanga. Tukaingia kwenye fifi, na fungu moja likapanda na pete ikining'inia chini yake, imejifunga kilemba cha nyuzi. Ningekuwa nimemaliza kazi, ingeteleza mpaka mkekani na kwenda kwenye chama ndani ya gunia.

"Kwenye fifi," jirani akasema.

"Alikuwa mtu mnyenyekevu, marehemu," Shangazi akajibu.

Nikairudisha kwenye kibanio. Nikasukuma, nikainua, nikaviringisha, na Shangazi akishika pamba yake mwenyewe ya kupimia, aliyoiomba kwa jirani, ile safi. Alipoipitisha mara ya mwisho haikuacha hata unywele. Akaondoka na pete kidoleni na unga kwenye kikopo.

Tangu siku hiyo, nyumbani kwetu kifaa kile kikaitwa kijino. Na Jumamosi, nje ya kanisa, nikamsikia Shangazi akimpa bibi arusi wosia, amemshika mkono wenye pete:

"Ng'wanone, mumeo akikwambia tupa, uliza kwanza. Akisema ndiyo, uliza tena."