Aloyo Akataa Kupigwa Picha Ukutani

Nafuna alikuwa na studio ya picha mjini, mtaa wa Nateete, chumba kimoja chenye pazia lililochorwa ndege ya abiria, na watu walisimama mbele yake kama wanaokwenda Ulaya kesho. Siku moja akaja Odyek, polisi, mteja wake wa siku nyingi.

"Dada, nenda kwetu Lango, kule kaskazini, ukampige mama picha. Nyumba ya kampuni ya pamba inamwangukia na hataki kuhama. Nataka nyufa zionekane, ndugu zangu wakubali tumlete huku, hata kwa kumbeba."

Nafuna akaenda. Kiwanda cha kuchambua pamba kilikufa kabla ya vita vya huko. Mashine ziling'olewa zote, wafanyakazi waliobaki ni popo. Lakini wazee waliowahi kufanya kazi pale walipoona kamera, kila mmoja akakimbilia mahali pake pa zamani. Bawabu akasimama langoni, na lango halipo. Fundi akashika hewa kama ameshika mashine.

"Piga upesi, mkono unachoka!"

Nafuna akacheka, ila jambo hilo likamwingia moyoni.

Aloyo, mama yake Odyek, alikuwa barazani. Nyufa zilikuwepo kweli, unaingiza kiganja. Nafuna akazipiga, kisha akasema, "Mama, sasa simama hapo ukutani."

"Umetumwa kumpiga nani, mimi au ukuta? Odyek namjua, nilimzaa mwenyewe. Mimi nilikuwa wa mizani, nikipima pamba. Nipige kwenye mizani."

"Mizani iko wapi?"

"Njoo, acha maswali ya karani."

Wakafika nyuma ya ghala. Mbegu zilizomwagika enzi zile chini ya mizani zilikuwa zimeota kwenye sakafu iliyopasuka. Aloyo alizipalilia mwaka hadi mwaka, mpaka ua mzima ukawa mweupe kwa pamba.

"Unamuuzia nani, mama?"

"Nani anunue? Najaza magodoro. Hapa hakuna anayelala bila pamba yangu. Nikihama watalalia nini, picha zako?"

Nafuna akampiga picha hapo hapo, mama akicheka.

Aliporudi Nateete, Odyek akaziweka picha mbili kando kando, akazitazama sana.

"Nyufa ziko."

"Ziko."

"Na huyu anacheka nini?"

"Nilimwambia afunge mdomo. Akakataa."

Odyek akaiacha ya nyufa mezani, akatia nyingine mfukoni. Wiki iliyofuata akapita kuaga, yuko juu ya lori la kaskazini, amekalia mifuko ya saruji.

"Utamwambia nini mama?" Nafuna akampigia kelele.

"Kwamba nataka godoro!"