Glavu za Zambarau za Loserian

Asubuhi ya kwanza Loserian alipokuja gereji na glavu za zambarau, mafundi wa mtaa wa Sakina walicheka mpaka mama wa chai akaacha birika lake na kuja kuangalia kuna nini. Zilikuwa glavu za kufuma, za kike, kila moja ina ua jeupe mgongoni. Mke wake, Namnyaki, alizipata kwenye mitumba ya soko la Kilombero, na nyingine zilizomtosha hazikuwepo.

"Ero! Bibi harusi amefika!" Lengai alipiga kelele kutoka chini ya Fuso lake. "Mpigieni vigelegele!"

Loserian alitundika koti lake kwenye msumari, akamgeukia. "Pigeni tu. Lakini mahari yangu ni ng'ombe arobaini, na wewe Lengai hata mbuzi huna. Rudi chini ya gari."

Mimi nachomelea mageti na madirisha jirani na gereji hiyo, na kwa miaka mingi nimemwona akifanya kazi. Mafundi wengine huweka nati na kuivamia na spana. Loserian huianzisha kwa vidole, taratibu, mpaka vidole vimwambie uzi wa nati umekaa sawa. Hapo ndipo anachukua spana. Na dereva akija kusema, "Gari haina shida, wewe angalia tu," humrudishia funguo. "Kama haina shida umeileta ya nini? Niambie inalia wapi, inalia ikiwa baridi au ikichemka. Ukinificha nitakuharibia gari."

Ugonjwa wake ulianza na damu chooni. Yeye alisema ni bawasiri, akanyamaza. Namnyaki alipoona amekonda mpaka suruali inashikwa na kamba, alimburuta hospitali. Ikaonekana ni saratani ya utumbo mpana. Walimpasua, wakatoa kipande kilichoharibika, kisha wakamwambia kuna dawa ya kuua mbegu za ugonjwa zilizoweza kubaki: dripu kila baada ya wiki tatu, na vidonge vya kunywa nyumbani.

Siku ya dripu ya kwanza nilimsindikiza. Nesi aliyetupokea anaitwa Rachel, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kanisani.

"Baba, nisikilize vizuri. Dawa hii ya dripu, oksaliplatini, haipatani na baridi. Usinywe kitu cha baridi, usishike chuma cha baridi, na ukitoka asubuhi funika pua na mdomo. Vidonge unakunywa ukishakula. Ukihara sana, acha vidonge utupigie simu. Ukipata homa, njoo siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, usisubiri kupambazuke. Na ganzi ya vidole, siku za mwanzo ni kawaida. Isipoondoka mpaka dripu nyingine, lazima uniambie. Usinifiche."

"Sista, mimi ni fundi magari. Chuma cha baridi ndiyo kazi yangu."

"Basi vaa glavu."

Ilikuwa Juni, baridi inashuka kutoka Mlima Meru na kulala juu ya mabati. Siku chache baadaye alisahau, akashika spana iliyolala nje. Aliitupa kama aliyepigwa shoti ya umeme. Kesho yake ndiyo alikuja na maua meupe mikononi, na hakuyavua.

Kejeli hazikuisha. Lengai ni wa rika lake, walitahiriwa pamoja kule Oldonyo Sambu, na rika kwa rika hawaachiani. Binti wa Lengai alipopata kipaimara tulialikwa wote nyumbani kwao. Soda zilikuwa kwenye pipa la barafu. Lengai akachomoa moja inayotoka jasho, akamwekea Loserian mbele ya wanaume wote.

"Kunywa. Rika letu halikuogopa kisu, wewe unaogopa soda?"

Watu wakacheka. Loserian aliisukuma ile chupa mpaka katikati ya meza.

"Nimekatwa mara mbili," akasema. "Mara ya kwanza mlikuwepo, mliniona kama nilipepesa macho. Soda hii sinywi. Anayetaka kuninywesha asimame."

Hakusimama mtu. Akaenda mwenyewe jikoni kwa akina mama, akarudi na kikombe cha chai kinachofuka moshi, akakaa palepale mbele ya Lengai, akanywa bila haraka.

Lakini mtu huyohuyo, Rachel alipomuuliza kuhusu ganzi, alijibu, "Hakuna." Dripu iliyofuata akajibu hivyohivyo. Nilijua si kweli. Alikuwa mtu wa shati siku zote, la kazi na la kanisani, na sasa alivaa fulana tu. Fulana haina vifungo. Siku moja tuko wawili nikamuuliza kama ameyachoka mashati.

Akasema, "Philemoni, nikisema, wataitoa dawa. Wakiitoa, ugonjwa utarudi. Acha vidole viende."

"Vikienda vidole, utafanya kazi gani?"

Akavuta glavu zake, akaondoka.

Jibu lililetwa na pikapu ya Krunal, muuza spea wa mjini ambaye hampi fundi mwingine gari lake. Ilikuwa kazi ndogo, kubadilisha oili. Loserian aliianzisha nati ya sampu, ile ya chini inayozuia oili, kwa vidole kama kawaida, akaona imekaa, akatia spana. Haikuwa imekaa. Akakaza, uzi ukafa, na oili mpya ikaanza kudondoka chini.

Krunal aliinama akatazama. Hakufoka. "Loserian, hujawahi kuniulia uzi hata siku moja. Kuna nini?"

"Hakuna shida."

"Hakuna shida?" Krunal akajinyoosha. "Dereva akikuambia hivyo si unamrudishia funguo, bwana?"

Loserian aliendelea kulala chini ya ile pikapu. Tuliona miguu yake tu. Alipotoka alikuwa na oili mpaka kwenye ndevu, na akaenda kukaa peke yake kwenye tairi.

Safari iliyofuata ya hospitali alivaa shati. Lilikuwa wazi kifuani, kifungo hata kimoja hakijafungwa, na alilivaa hivyo tangu nyumbani. Chumba cha dripu kilikuwa kimejaa, wanaume kwa wanawake kwenye viti vyao. Rachel akaja na maswali yake. Homa? Hakuna. Kuhara? Kidogo, kumeisha. Ganzi?

"Ipo," Loserian akasema kwa sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya barabara. "Haiondoki mpaka dripu nyingine inafika. Nilikudanganya. Tazama."

Akashika kifungo cha juu. Kilimponyoka. Akakishika tena, akakitafutia tundu, kikaponyoka. Jasho likamtoka. Watu wote walikuwa wanamwangalia, naye akawageukia na kifungo mkononi. "Tazameni tu, hakuna kiingilio."

Mzee mmoja wa kiti cha dirishani akakohoa. "Sista," akasema, "na mimi nyayo zangu sizisikii. Nilikuwa sijasema."

Daktari aliitwa, akampima vidole, akamwambia dripu ile wataisimamisha.

"Mnaniacha?" Loserian akauliza. Hapo sauti ilishuka.

"Hatukuachi. Vidonge vinaendelea, na tutakuwa tunakupima. Tukiendelea na hii dripu, ganzi inaweza kubaki maisha yako yote."

"Na ugonjwa ukirudi?"

"Siwezi kukuahidi kwamba hautarudi. Hata ningekupa dripu zote nisingekuahidi."

Loserian akakiachia kile kifungo. "Sawa," akasema. "Hapo umeniambia ukweli, na mimi nimekuambia wangu."

Gereji habari ilishafika. "Kwa hiyo ulilia, wakakuhurumia," Lengai akasema.

"Nililia. Nikiumwa tena nitalia tena, mpaka wanisikie Longido. Na hilo Fuso lako linalia difu ya nyuma tangu mwezi wa tano, umelinyamazia. Siku likikuacha njiani, pepesa macho tuone."

Safari hii waliocheka walimcheka Lengai.

Tangu siku hiyo, nati ikiwa ya hatari, Loserian hupaza sauti gereji nzima isikie: "Philemoni! Njoo unianzishie hii, vidole vyangu viko likizo!" Mimi huacha mageti yangu nikaenda. Nikimaliza yeye hukaza. Hajawahi kuniita kwa kunong'ona.

Vidonge alimaliza. Kipimo cha mwisho kilikuwa kizuri, na kingine kinamsubiri. Ganzi imepungua polepole, shati anafunga mwenyewe, ingawa kidole gumba cha kulia bado kizito.

Sasa ni Januari, jua linachoma bati mpaka linalia. Juzi alikuja mteja mgeni, akamkuta Loserian ameinama kwenye injini na glavu zake za zambarau, ua moja limechanika na limejaa grisi.

"Fundi, hizo za nini na joto hili?"

Loserian alijifuta jasho kwa mgongo wa glavu, akamtupia Lengai jicho la kumchokoza.

"Baridi," akasema. "Haya niambie, gari inalia wapi?"