Nimempigia mwano mgeni aliyekwama

Leo nusura niue mtu kwa kumsaidia.

Msicheke.

Mchana, njia ya Zagayu, nimemkuta Mrusi na pikipiki kubwa kama ndama, imezama kwenye tope la mbuga hadi injini. Kiswahili chake cha kuokota njiani, kama changu cha darasa la nne. Akanionyesha picha kwenye simu: amevuka Siberia peke yake, theluji tupu na nyayo za dubu.

Nikamwambia, "Dubu umewaweza, tope letu limekuweza!"

Akacheka. Tukasukuma. Wapi! Nikateleza, chali topeni.

Hapo nikafanya ujinga. Nikapiga mwano, watu waje kusukuma.

Jamani, mwano ni yowe la kuitana wezi wa ng'ombe wakivamia! Ukilia, hakuna anayetoka mikono mitupu.

Watu wakatoka kwenye mashamba ya pamba, na fimbo na mapanga. Wakaona mzee wao yuko chini, na jitu la helmeti nyeusi limemwinamia. Kumbe ananiinua.

"Guku, babu yetu, amekufanya nini?"

Kabla sijajibu, fimbo ikatua kwenye helmeti. Nikamkumbatia yule Mrusi, nikapiga kelele, "Ni mgeni! Nimewaita msukume!"

Wakashusha fimbo. Sasa wanataka kusukuma kweli.

Akakataa. Akatuinulia kiganja tusisogee. Akachimba tope kwa mikono, saa nzima, macho kwetu.

Alipoichomoa na kuondoka nilimpungia. Hakugeuka.

Mlioko njia ya Maswa, mkimwona msalimieni. Ila msipaze sauti.