Mshipi Usiopasuliwa Tumbo

Mama Mizani hakuuza mshipi ambao hajaupasua tumbo. Ndivyo alivyoiita kazi hiyo, na aliifanya miaka kumi na tisa katika duka la vifaa vya uvuvi la kaka yake. Katoni ya mishipi ya kusuka ikifika, alichomoa roli moja bila kuchagua, akatoa mita arobaini za juu, akakata kipande cha ndani. Alikiloweka ndooni, maana hakuna samaki anayevuliwa pakavu. Alipiga fundo, maana mshipi hukatikia fundoni. Kisha alifunga ncha moja kwenye msumari wa fremu ya mlango, nyingine kwenye mizani ya kuning'iniza, akavuta polepole mpaka ukatike. Mara tatu. Kipimo cha chini kabisa ndicho alichomwambia mteja, lebo iseme itakavyo.

Wateja wake wengi walivua besi, samaki wa mdomo mpana anayejibanza kwenye magogo yaliyozama bwawani. Huko mshipi hauvutani na samaki tu. Unavutana na gogo pia.

Kaka yake hakupenda. "Wewe unauza mishipi au unafanyia maiti uchunguzi?" alimtania mbele ya watu. "Kila katoni lazima uzike mmoja."

Siku moja akaja wakala wa kiwanda mwenye viatu vya kung'aa na katoni ya mshipi mpya. Akavuta mwenyewe ncha ya juu, kavu, bila fundo. Mizani ikagonga kilo kumi na tano, sawasawa na lebo.

"Umeona kwa macho yako," kaka akasema.

"Huo ni mdomo, kaka. Tumbo je?"

"Mgeni anatuangalia. Leo usinivunjie heshima."

Akanyamaza. Watu wazima hufundishwa kuita ukimya wa namna hiyo adabu. Si adabu. Heshima inayokuamuru ufumbe macho wakati mwingine anatapeliwa ni woga uliovaa nguo nzuri.

Jumamosi kinyozi wa ng'ambo ya barabara alikuja kuchukua roli, kama kawaida yake, na swali lake lilelile, mkononi ameshika ule mshipi mpya.

"Umeupasua, dada?"

"Uko sawa huo," akajibu, akaanza kupanga ndoano ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

Wakala alijua kitu ambacho wavuvi wote wanakijua. Mshipi unapohamishwa kutoka roli kwenda kwenye rili, kile kigurudumu cha fimbo ya kuvulia, mita za juu huingia kwanza na kuzikwa chini; za tumboni ndizo zinazobaki nje na kufanya kazi. Waliosuka ule mshipi waliweka uzima mahali pa kupimwa, na uozo mahali pa kutegemewa. Mtu alikaa akalifikiri hilo. Akanywa chai, akalala usingizi.

Asubuhi ya pili bwawani, ndoano ya kinyozi ilinasa kwenye gogo. Akafanya kama alivyofanya siku zote: akauzungusha mshipi kwenye kijiti, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote, juu ya mawe ya ukingo. Ukakatika kama uzi wa kushonea vifungo. Akaanguka chali, mkono wa kulia chini yake.

Habari zilipofika dukani, Mama Mizani alikwenda moja kwa moja kwenye katoni ile. Akachukua roli, akaipasua, akaloweka, akafunga, akavuta. Kilo tano. Tena, tano. Mara ya tatu, nne na nusu. Akamwekea kaka yake vipande juu ya meza.

"Kinyozi alivuta kama punda," kaka akasema. "Mimi nilimsukuma?"

"Hukumsukuma. Tulimwambia aegemee ukuta, na ukuta haupo."

"Basi ziuze kwa wanaovua samaki wadogo. Duka ni langu."

"Duka lako, kaka. Mdomo wangu."

Akaikokota katoni hadi barazani, akazikata roli zote kwa kisu cha kukatia kamba, moja moja, watu wakitazama. Kaka alisimama mlangoni akimwita mwendawazimu. Hakugeuka. Alipomaliza akavuka barabara.

Kinyozi alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja wake, mkono umefungwa plasta hadi kiwikoni.

"Sikuupasua," Mama Mizani akamwambia. "Uliniuliza, nami sikuupasua."

Kinyozi akauliza, "Ningekuuliza mara mbili, ungesema?"

"Sijui."

"Hilo nalo umesema kweli. Nenda nyumbani, dada."

Wapo wanaomwambia hadi leo kwamba kosa ni la kiwanda, au la wakala, au la kaka. Ni kweli, wote wana kosa. Hapendi kuambiwa hivyo, na ana haki ya kukasirika, kwa sababu kiwanda hakikuulizwa swali. Aliulizwa yeye.

Kifundo cha mkono kiliunga kikiwa kimepinda. Kinyozi hawezi kushika mkasi zaidi ya robo saa, na kwenye kile kiti sasa ananyoa mtu mwingine.